Jina Bila Mkia

Kasongo, tarehe 9 Februari 1957

Kwa Mjomba Grégoire, karani wa bilo ya Teritori, Kabambare

Mjomba wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na uzigawe nyumbani: kwa Mama Clémentine, kwa watoto, na kwa Babu Kasimu, ambaye natumaini kikohozi kimemwacha. Mwambie mama yangu kwamba karanga zake zilifika salama na kwamba bwenini hazikulala hata usiku mmoja. Mimi ni mzima. Mvua inanyesha kila alasiri na njia ya Nyangwe imekatika, kwa hiyo samaki hatuwaoni, tunakula maharagwe asubuhi na jioni mpaka Dominique, jirani yangu wa kitanda, anasema tutapewa diploma za maharagwe.

Sasa jambo lenyewe. Unajua kwamba mwaka huu ni wa mwisho kwetu, na kila mwanafunzi wa ualimu huandika kazi moja ndefu kwa Kifaransa. Mimi niliandika juu ya majina ya ngoma ya kwetu: jinsi kila mtu wa ukoo anavyokuwa na jina lake la kupigwa kwenye gogo la ngoma, na jinsi anavyoitwa nalo akiwa shambani au msituni. Niliikabidhi kabla ya Noeli na nilikuwa na furaha nayo.

Jana Padri Mkuu wa shule aliniita. Mezani kwake palikuwa na vitu viwili, kazi yangu na jarida lililochapwa Ulaya miaka minane iliyopita. Ndani ya jarida mna makala juu ya majina ya ngoma ya sisi Wabangubangu, na chini yake jina la Mzungu aliyewahi kuwa afisa hapo Kabambare. Padri alisema watu walimwita Bwana Mikoba. Aliweka rula chini ya mstari wa jarida, akaweka rula nyingine chini ya mstari wangu. Mjomba, ni maneno yale yale. Mstari baada ya mstari.

Akaniambia, "Mwizi wa mbuzi najua pa kumpeleka. Mwizi wa maneno nimpeleke wapi?"

Nilimjibu kwamba jarida hilo sijaliona kamwe, na kwamba maneno hayo nilifundishwa nyumbani. Alicheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyechoka. Alisema Kifaransa cha namna hiyo hakisemwi katika nyumba yoyote ya Kabambare. Kisha akauliza ni nani aliyenifundisha. Sikukutaja, kwa sababu sikuwa nimekuomba ruhusa.

Baraza la walimu litakaa baada ya Pasaka. Wakiniona mwizi, nitarudi nyumbani bila diploma, na jina langu litapelekwa kwa kila misheni ili nisipewe darasa popote.

Unakumbuka likizo zangu pale kwako? Babu anapiga jina kwenye gogo nyuma ya jiko, wewe unalisema kwa Kifaransa, mimi nalirudia. Nikikosea neno moja Babu ananigonga kichwa kwa fimbo ya ngoma, anasema nimemwita mtu mwingine. Ndivyo nilivyoandika, bila kubadili neno. Sasa niambie: maneno yetu ya nyuma ya jiko yalifikaje katika jarida la Mzungu?

Mpwa wako anayekuheshimu,
Emile

*

Kabambare, tarehe 3 Machi 1957

Mpwa wangu Emile,

Barua yako ilifika, lakini kamyo ya posta ilikwama njiani na mimi nilikuwa na kazi nyingi, ndiyo sababu ya kuchelewa. Sisi ni wazima. Babu yako anakohoa kidogo asubuhi tu. Mama yako amepalilia shamba lote la mihogo peke yake, amekataa kusaidiwa, unamjua. Mtoto wangu wa tatu ameota meno ya mbele. Bwana Teritori mpya, Mzungu mkuu wa eneo letu, amefika, ni mtu wa kupenda usafi, ametufanya tupake chokaa mawe yote ya mbele ya ofisi, hapo bilo. Clémentine ameshona mapazia mawili ya dirisha la sebule na sasa anataka la tatu. Utaelewa sababu nikikuambia kwamba jina langu limepelekwa kwa kamati ya kadi ya mérite, ile ambayo Serikali humpa Mwafrika inayemhesabu kuwa mstaarabu. Watakuja kuona nyumba, jiko, vitabu na hata choo. Mwenye kadi hiyo haangaliwi tena kama mtu wa kungojeshwa barazani.

Kuhusu jambo lako, nimesoma na nimefikiri. Shauri langu ni hili. Nenda kwa Padri Mkuu, piga magoti, omba msamaha, sema ulikuwa mchovu. Mapadri hupenda kusamehe. Usizungumze juu ya ngoma, wala juu ya nyumba hii, wala juu ya Babu. Barua hupita mikono mingi kabla ya kufika, basi usiniulize tena kwa barua mambo ya namna hiyo.

Vaa viatu unapokwenda kwake.

Mjomba wako,
Grégoire

*

Kasongo, tarehe 17 Machi 1957

Mjomba wangu,

Salamu kwa wote, na pongezi kwa mapazia ya Mama Clémentine. Nafurahi kwamba Babu anaendelea vizuri. Hapa Dominique aliugua homa, akapona, na uponyaji wake umetuletea balaa maana sasa anasema zaidi ya mwanzo. Ni yeye aliyenipa jina ambalo shule nzima inaniita: Karboni. Kama ile karatasi nyeusi ya mashini ya kuandikia, inayotoa barua ya pili. "Karboni, niandikie na mimi kazi yangu." "Karboni, usikae karibu na Biblia, utatoa nyingine." Zamani ningecheka nao.

Nimekwenda kwa Padri, nimevaa viatu. Sikuomba msamaha. Nilimwomba kitu kingine: aniruhusu kusoma jarida lote mwenyewe. Aliniweka kwenye kiti mbele yake, akaendelea kusahihisha madaftari, mimi nikasoma.

Mjomba, majina katika jarida hayana mikia.

Wewe unajua, lakini naandika kama nilivyomweleza Padri. Jina la ngoma la kwetu lina mwili na mkia. Mwili ni habari ya kuzaliwa kwa mtu, mkia ni tabia yake. Mtu akiwa hai anaitwa kwa vyote viwili. Siku anapokufa, Babu anapiga mwili wa jina peke yake, anaacha mkia, na watu mashambani wanaweka majembe chini kwa sababu wameelewa. Kila jina katika makala ya Bwana Mikoba limekatwa mkia. Anasema ni majina ya wazee na watu wa nyumba zao, ameandika tarehe, wote walikuwa wakila ugali siku hiyo, naye amewaandika wote maiti.

Katika kazi yangu nimeandika majina saba, na mikia yao ipo. Babu mwenyewe aliniambia likizo iliyopita, andika watu jinsi wanavyoishi.

Nilidhani Padri atafurahi. Alifunga daftari lake. Alisema mikia hiyo niliibuni ili kuficha wizi, kama mtu anayeiba baiskeli na kuipaka rangi. Halafu akauliza: tukisema ngoma ni ya kwenu, Kifaransa je? Watu wawili wanaweza kusikia ngoma moja, hawawezi kuitafsiri kwa vitone na mikato ile ile.

Mwezi uliopita nilikuuliza. Ulinijibu juu ya meno ya mtoto na mawe ya chokaa. Niliandika katika shajara yangu siku ile barua yako ilipofika: "Mjomba hakujibu, kwa hiyo anajua." Nisamehe kwa kukuambia hivyo, lakini ni afadhali ulisome kwangu kuliko nilifiche.

Emile

*

Kabambare, tarehe 2 Aprili 1957

Emile,

Tunakusalimu. Mama yako anauliza kwa nini hujamwandikia. Nimemwambia una mitihani. Hajui lolote na naomba asijue.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Atumani, mfanyabiashara wa chumvi, ambaye ni mtu wa kuaminika na hasomi. Kwa hiyo nitaandika mara moja tu.

Mwaka wa 1948 nilikuwa karani mdogo na mkalimani wa Bwana Mikoba. Hakuwa mtu mbaya. Alitembea na mikoba mitatu ya karatasi na alitaka kujua kila kitu. Alisikia ngoma ya baba yangu, akataka majina. Baba alikaa siku mbili akikataa, kisha akakubali, lakini kwa lugha ya kwetu aliniambia, mpe miili, mikia ibaki nyumbani. Nikafanya hivyo. Bwana Mikoba hakujua Kibangubangu, Kiswahili chake kilikuwa cha kuagiza maji ya kuoga. Mimi ndiye niliyeuliza, mimi ndiye niliyetafsiri, mimi ndiye niliyekaa na kamusi jioni nyingi nikitafuta neno zuri, na mimi ndiye niliyepiga yote kwa mashini. Yeye aliongeza mwanzo wenye maneno ya wataalamu, akatia sahihi, akatuma Ulaya. Nilipokufundisha wewe, nilikufundisha Kifaransa kile kile, pamoja na mikia. Sikuwa na kingine.

Sasa umejua. Unataka nifanye nini? Bwana Mikoba leo yuko Bukavu, ni mkubwa, na barua za kamati ya kadi hupita mezani kwake. Niseme karani mweusi anadai kwamba Mzungu ametia sahihi kazi yake? Wataniuliza shahidi. Shahidi wangu ni gogo.

Na sitasema kwamba niliibiwa. Nilifanya kazi ya bilo kwa wakati wa bilo, nililipwa mshahara.

Tena, mpwa wangu, kabla hujanikasirikia, tazama ukurasa wa kwanza wa kazi yako. Nani ameandikwa pale? Emile. Peke yake. Babu hayumo, mimi simo. Padri hajakosea kila kitu.

Choma barua hii.

Grégoire

*

Kasongo, Jumapili ya Matawi, 1957

Mjomba Grégoire,

Salamu kwa nyumba nzima. Mama nimemwandikia barua yake, nimemsifia mihogo. Atumani alifika na mizigo yake yote, akakataa kunipa barua mpaka nimtajie jina la nyanya yangu mzaa mama, kwa hiyo usiwe na shaka juu ya mkono wake. Nimechoma kama ulivyosema.

Uliyosema juu ya ukurasa wa kwanza yamenikaa. Sikukusudia. Niliandika jina langu kwa sababu mwalimu alisema andikeni majina yenu. Haikunijia kwamba kitu cha nyumbani kinahitaji kuandikwa ni cha nani. Pengine Bwana Mikoba naye haikumjia. Sijui. Nimekaa na jambo hilo siku nyingi.

Padri Mkuu amenipa njia ya kutoka. Ameandika karatasi fupi ya mistari mitano. Inasema kwamba mimi Emile nilinakili makala ya afisa fulani, kwamba mikia ni maongezo yangu mwenyewe, na kwamba nasikitika. Nikitia sahihi, nitapita kwa alama za chini na jambo litaishia ndani ya shule. Nisipotia, baraza litakaa tarehe sita Mei na nitaondoka. Nadhani ananihurumia. Aliniambia, "Nakupa mlango, mwanangu. Usisimame ukiutazama."

Aliniuliza tena ni nani aliyenifundisha. Sikulitaja jina lako, na sitalitaja. Hilo ulale nalo salama.

Lakini nina swali, na unajua mkia wa jina langu: anayeuliza hata akijibiwa. Katika jarida, jina la nane ni lako. "Mtoto aliyefika na mvua ya kwanza, mama yake akiwa na jembe mkononi." Halafu kimya. Ulijipiga mwenyewe kwa mashini, bila mkia. Nikakumbuka kitu ambacho nilikiona nikiwa mdogo na sikukielewa. Babu anamwita kila mtu kwa ngoma, hata mimi, hata mama aliye jirani tu. Wewe anakuita kwa kumtuma mtoto. Nilidhani ni heshima, kwa sababu wewe ni karani.

Tangu lini Babu hakupigii ngoma, Mjomba?

Emile

*

Kabambare, tarehe 28 Aprili 1957

Emile,

Wote wazima. Kamati ilikuja juzi. Walihesabu sahani na uma, walifungua kabati, wakamuuliza Clémentine anachemsha maji kwa muda gani. Walipendezwa na mapazia. Majibu yatatoka Bukavu.

Tia sahihi ile karatasi. Nakuomba kama mjomba, na kama hilo halitoshi, nakuamuru.

Grégoire

*

Kasongo, tarehe 5 Mei 1957

Mjomba,

Sikutia sahihi. Mistari minne ningeiweza. Ule unaosema kwamba mikia ni maongezo yangu, mkono ulikataa. Babu yuko hai, mama yuko hai. Siwezi kuandika kwamba uhai wao nimeubuni.

Baraza ni kesho. Nimerudisha vitabu vya shule na blanketi. Dominique amenisaidia kufunga sanduku na hakuniita Karboni hata mara moja, ndipo nilipoogopa.

Padri amesema baraza likiamua, jibu litasubiri wiki moja kwa ajili ya sahihi ya vikarieti, yaani bilo ya askofu, kisha nitapanda kamyo. Mwambie mama wewe, mimi sitaweza.

Emile

*

Kabambare, tarehe 9 Mei 1957

Mpwa wangu mpendwa,

Mchukuzi wa barua hii ni Atumani tena. Nimemlipia nafasi kwenye kamyo ya mgodi, hajui kwamba ataogopa milima. Amebeba barua mbili. Hii ni yako. Nyingine nimeiandika kwa Padri Mkuu, kwa mashini, na nimetia sahihi kwa wino. Mpe kwa mikono miwili na usiseme neno mpaka aimalize.

Uliuliza tangu lini. Sikukujibu kwa sababu jibu lake nilikuwa nimelizoea kama jiwe ndani ya kiatu. Jarida lilipofika bilo, mwaka wa 1949, Bwana Mikoba alinionyesha kwa furaha, akaniazima nilipeleke nyumbani. Nilimsomea baba yangu ukurasa kwa ukurasa. Alisikiliza vizuri. Nilipofika mwisho akauliza, "Weye uko wapi humu?" Nikamwonyesha jina la nane. Aliweka kidole juu ya karatasi, kana kwamba anaweza kulisoma. Akasema, "Basi, uko hapa." Toka siku ile hajanipigia ngoma: nilikuwa nimejiandika mwenyewe miongoni mwa maiti, naye akaniacha huko. Sikulalamika, yeye hakueleza, tukaendelea kula pamoja kila Jumapili.

Barua yako ya tarehe tano ilifika leo asubuhi. Niliisoma bilo, nikaenda kwake saa ya chakula. Nilimweleza yote kwa mara ya kwanza: jarida, Padri, karatasi ya mistari mitano, sanduku lako lililofungwa. Nilimwomba ruhusa ya kumwandikia Padri mikia ya majina yote kumi na mawili ya jarida. Wewe uliandika saba tu katika kazi yako, kwa hiyo yamebaki matano ambayo Padri hajaiona mikia yake popote. Katika barua yake nimemwambia Padri achague jina mwenyewe, akuulize mkia wake, alinganishe na karatasi yangu.

Baba alisukuma sahani yake pembeni. Kisha akasema, "Mimi niliwaficha wale iko hai, muzungu asiwachukue. Sasa ni mutoto ndiye wanachukua. Mupe yote."

Nimeandika kwa Padri kwamba Kifaransa kile ni changu. Nimeandika mwaka, chumba na mashini. Sikumtukana Bwana Mikoba. Nimesema alitia sahihi kama wakubwa wanavyotia sahihi barua wanazoandikiwa na makarani wao, na kwamba mimi nilikaa kimya kama makarani wanavyokaa. Clémentine aliisoma kabla sijaifunga. Alitazama mapazia yake, akasema, "Hata bila kadi yatazuia jua."

Nenda sasa kwa Padri.

Grégoire

*

Kasongo, tarehe 2 Juni 1957

Mjomba wangu,

Nakusalimu wewe, Mama Clémentine, watoto, mama yangu na Babu. Mimi ni mzima kabisa. Samaki wa Nyangwe wamerudi.

Nilichelewa kuandika mpaka niwe na neno la mwisho. Baraza lilikuwa limeamua niondoke na tulikuwa tunangoja sahihi tu, Atumani alipofika jioni, kijivu kwa vumbi, akaapa kwamba atarudi kwa miguu. Nilimpelekea Padri barua kabla ya sala ya usiku. Alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena. Alichukua jarida, akaweka kidole juu ya jina ambalo mimi sikuliandika katika kazi yangu, lile la mzee wa kivukoni. Akasoma mwili kwa Kifaransa, akaniambia, "Malizia."

Nilimalizia: "anayemvusha adui yake kwanza."

Akatazama karatasi yako. Akachagua la pili. Nikamalizia. Akachagua lako, ingawa katika kazi yangu lilikuwemo, nadhani alitaka kulisikia tu. Nikapiga kwa vidole juu ya meza yake, kisha nikasema.

Alisema kwamba amekuwa padri katika nchi hii miaka ishirini na alidhani anajua Kifaransa kinatoka nyumba zipi. Hakusema "nisamehe", lakini alichana ile karatasi ya mistari mitano mbele yangu. Kisha akanigeuzia kazi yangu kwenye ukurasa wa kwanza. Alisema kosa langu moja limebaki, nalo ni langu kweli, na alinipa kalamu. Niliandika chini ya jina langu: "Majina yametolewa na Kasimu, mpiga ngoma wa Kabambare. Kifaransa ni cha Grégoire, mwanawe." Baraza lilikaa tena, likakubali kazi hivyo. Nitapewa diploma mwezi ujao, na darasa la kwanza huko upande wa Nyangwe.

Padri ameandikia jarida Ulaya, lakini barua hajaituma bado. Hana hakika watajibu. Aliniuliza kama barua yake itakudhuru, nikamwambia akuulize wewe.

Dominique anataka jina la ngoma. Nimemwahidi mwili tu.

Bado sijasikia neno kutoka kwako juu ya Bukavu. Unaninyima habari tena, Mjomba.

Mpwa wako,
Emile

*

Lusangi, tarehe 23 Juni 1957

Mpwa wangu Emile, mwalimu,

Salamu kutoka mahali papya. Clémentine na watoto watafuata mwezi ujao, nyumba ya hapa bado haina mlango wa jiko. Mama yako amesikia habari zako zote kwa pamoja, mbaya na nzuri, na amenikasirikia kwa mbaya peke yake. Anafuma mkeka wa darasa lako, hata nilipomwambia kwamba darasa lina madawati.

Majibu ya Bukavu yalikuja kwa mistari miwili. Kadi hapana. Na karani Grégoire ahamishiwe Lusangi, kwenye soko la pamba, kusimamia mizani. Hawakuandika sababu na mimi sikuomba; yanayosemwa katika baraza lenu hupita vikarieti, na Bukavu husikia. Padri wako aliniandikia kwa heshima akiuliza juu ya jarida. Nimemjibu aendelee.

Nitakueleza siku ya kuondoka. Kamyo ilisimama mbele ya bilo, pale penye mawe ya chokaa. Nilipanda juu ya magunia. Makarani wenzangu walinipungia mkono kidogo, kama watu wanaofukuza nzi, kwa sababu Bwana Teritori alikuwa amesimama barazani. Dereva akawasha. Ndipo ngoma ikaanza kutoka upande wa nyumba ya baba.

Nililisikia jina langu. Mvua ya kwanza, mama, jembe. Mwanamke mmoja sokoni aliweka kikapu chake chini. Emile, nilikuwa juu ya yale magunia nimeshika kamba, na nilingoja. Baba ana miaka mingi, pumzi yake ni fupi, kati ya mwili na mkia alipumzika, na watu wote waliokuwa wakisikia walisimama pamoja nami katika mapumziko hayo. Kisha akalimaliza. Akalirudia lote tangu mwanzo, na tena, mpaka tukavuka daraja na sauti ikapotea.

Bwana Teritori aliuliza mzee yule anasema nini. Niliambiwa baadaye kwamba askari wa mlangoni ndiye aliyemjibu: "Anasema karani iko muzima, Bwana."

Mizani ya hapa ni ya uongo kidogo. Jana nilimwambia mwenye soko, mbele ya wakulima. Pengine sitakaa sana Lusangi pia.

Nilikuwa natia sahihi barua zangu kwa jina la ubatizo tu. Hii uiweke.

Grégoire, mtoto aliyefika na mvua ya kwanza, mama yake akiwa na jembe mkononi, asiyepita mlango bila kubisha.